Miiba Saba mu Shingo ya Bazee Bane

Nyinyi batoto munaingia sasa mu kazi ya kupiga picha ya mifupa, munabonyeza kidogo, picha inatokea pa televizyo mbele hata mugonjwa hajavaa shati yake. Muzuri. Sina wivu, ama niko nayo kidogo tu. Sisi tulienda na filimu mu chumba ya giza, tukaiosha mu dawa mbili yenye kunuka kama mayai ya mwaka jana, tukaitundika pa kamba, halafu tukaomba Mungu nzi isitue juu yake mbele haijakauka. Siku moja nzi ilitua mu mapafu ya mwalimu moja. Maskini alimeza dawa ya kifua wiki mbili kwa sababu ya miguu ya nzi. Na hiyo siyo kosa yenye nataka kuwaelezea. Hiyo ilikuwa ndogo.

Ninaandika mu kiti yangu, pa nyumba yangu, hapa Kashikishi. Mayi ya ziwa Mweru iko karibu, ninaisikia. Kama kukaa nyumbani ingekuwa kazi, mimi ningekufa na cheo kubwa. Miaka mingi nilifanya kazi mu hospitali moja ya hapa Nchelenge, na safari yangu ya kila siku ilikuwa toka kitanda mpaka mashini, toka mashini mpaka kitanda. Ziwa niliiangalia toka mulangoni. Bwato sikupandaka. Niliona batu bakiingia mu bwato na niliona bengine bakitolewa mu mayi, nikaamua kwamba bukari, ugali yetu, inapikwa hata ku nchi kavu.

Bachuuzi ba samaki, bale ba ng'ambo ya Kongo, baliniita Ba Foto, ile Ba ni ya heshima. Mama yangu alizaliwa Kilwa ya Kongo, pale ng'ambo ya ziwa, njo maana Swahili iko mu kinywa yangu, na kwa sababu hiyo kila mugonjwa mwenye hakusikia Kibemba alitumwa kwangu, hata kama shida yake ilikuwa jino.

Mwenye alinifundisha kazi aliitwa Ba Mulenga. Mutu mufupi, miwani yake imefungwa na uzi ya nyavu. Siku ya kwanza aliniambia: "Kazi yetu iko na sheria mbili. Piga picha mbili. Funga kinywa moja."

Picha mbili, maana yake moja toka mbele na moja toka ubavu. Hakuna muchuuzi mwenye ananunua samaki bila kuigeuza. Na kinywa moja, ile ni yako. Chenye unaona pa filimu ni ya dokotolo kusema. "Wewe ulisoma kupiga," Ba Mulenga alisema. "Hukusoma kusoma."

Ku shingo iko shida moja, nyinyi bote mutakutana nayo: mabega. Ukipiga toka ubavu, mabega inapanda kufunika pingili ya chini, na wewe unaona nusu ya shingo tu. Ba Mulenga alikuwa na dawa yake. Bidoni mbili za mafuta, za litre tano, zimejaa muchanga ya ziwa. Mugonjwa anakamata moja mu kila mukono, anasimama, mabega inashuka yenyewe bila kugombana. Halafu unamwambia: inua kidevu, kamata pumuzi, usimeze. Hata leo, na televizyo yenu, mujaribu.

Bon. Ilikuwa miaka ya tisini karibu kwisha, wakati ya vita ng'ambo ile, batu mingi bakivuka na mizigo. Papa Kasongo yeye alivuka zamani, akajenga hapa, akanunua samaki na kuipeleka mbali. Alikuwa mutu wa kifua. Alitembea kidevu yulu, alikula kidevu yulu, hata mu kanisa alisinzia kidevu yulu, sisi tuliokaa nyuma tulifikiri anaangalia malaika.

Asubuhi moja aliingia mu chumba yangu na kaka yake mukubwa, muzee Ilunga. Nyuma yao, na kikapo pa mukono, Mama Chola, muke ya Papa Kasongo, mutu wa Mwansabombwe. Kasongo alikuwa amekonda. Koti ilimuning'inia kama iko pa musumari.

"Mwiba," muzee Ilunga alisema, mbele sijauliza. "Ya mpumbu. Wiki mbili."

Kama haumujui mpumbu: ni samaki ya bakubwa mu Mweru, siku hizi unaipata kwa bahati. Nyama yake tamu, miiba yake kama sindano ya fundi ya nguo. Hapa kwetu mutu akishika koo, hakuna mwenye anauliza ugonjwa gani. Banauliza samaki gani.

"Mulifanya nini?" nikauliza.

"Tulifanya yenye inafanywa. Mupishi alipiga mwiko."

Mu familia yao, mwenye alipika samaki njo anatosha mwiba, ni kusema anaitoa. Anakamata mwiko ileile yenye ilisonga bukari, anapiga mugongo ya mwenye kukwama mara tatu, anaita samaki kwa jina: mpumbu, shuka. Hivyo asubuhi tatu. Kama mwiba inakataa, basi mupishi alificha kitu mu roho yake wakati ya kupika.

"Na ilikataa," Ilunga alisema, akimwangalia Mama Chola.

"Nilipiga kwa imani yote," Mama Chola alijibu. "Muulize mugongo yake."

Papa Kasongo alikunja uso. Mugongo ilikuwa na jibu.

"Ba Foto," Mama Chola akaendelea, "mimi niko na neno. Mbele ya huyu samaki..."

"Mupishi anaulizwa ku familia," Ilunga akamukata. "Hapa ni fasi ya mashini."

Na mimi, batoto, mimi mwenye munaniona na mvi hizi, niliogopa sauti ya muzee. Nikamwambia Mama Chola angojee inje. Mukumbuke pale. Kosa yangu haikuanzia mu chumba ya giza, ilianzia pa mulango.

Nilimupa Papa Kasongo bidoni zake. Mugeni akiingia angefikiri anaenda kuuza mafuta ya kupikia. Inua kidevu, nikasema, na hiyo haikumupa taabu. Picha ya mbele niliiacha, toka ubavu tu. Nikapiga. Nikaingia mu giza, nikaosha, nikainua filimu mbele ya taa nyekundu, na moyo yangu ikaruka. Mbele ya mifupa ya shingo, pale pale koo inapita, kitu nyeupe, imepindika, imechongoka kama mudomo ya kasuku.

Ba Mulenga alikuwa mu konje, anapumuzika Mansa. Dokotolo alikuwa mu mukutano. Sheria ya pili ilisema filimu ingojee. Lakini nilikuwa sijaona kitu wazi vile mu maisha yangu, na mutu wa nyumba kama mimi hapati nafasi mingi za kusifiwa. Nikatoka nayo inje, mayi ikinitiririka mpaka pa kiwiko, nikaiweka mbele ya jua.

"Iko," nikasema.

Muzee Ilunga akasogea. "Ya mpumbu?"

"Ya mpumbu kabisa."

Munasikia? Nilitambua mpaka samaki.

Kumbe mu familia yao neno yangu ilikuwa musumari ya mwisho. Mwiba iko, hata mashini imeiona, na mwiko imeshindwa asubuhi tatu: mupishi njo mwenye kosa. Siku ileile Mama Chola aliambiwa akusanye vitu yake. Bakamupakiza mu bwato kwenda ku ndugu yake, mwenye kambi ya samaki pa kisiwa ya Chisenga. Siku ya Mungu, ile ya kanisa, familia mbili bangekutana kulekule na kuvunja ndoa, baada ya kuzaa na kulea na kuzeeka pamoja. Papa Kasongo aliacha kaka yake aamue. Alikaa mu nyumba yenye haina muke, akinywa chai, akikonda.

Na mimi? Mimi nilipongezwa. Pa soko bananipisha.

Kesho yake muzee Ilunga akarudi peke yake. Sauti yake ilikuwa imepungua.

"Ba Foto, nilikula mu sahani moja na yeye. Depi jana, toka nilitoka hapa, kuna kitu inanikwaruza."

Nikamupa bidoni. Nikapiga. Miiba tatu.

Chakula ile ya mpumbu, wiki mbili zenye zilipita, ilikuwa imeliwa na bazee bane. Bale babili bengine, moja fundi ya nyavu, moja muzee ya kwaya, bakasikia habari na bakaanza kukohoa mbele ya jioni. Fundi ya nyavu: miiba mbili. Ya kwaya: moja. Nikaitundika yote pa kamba na kuandika jina na hesabu. Bazee bane, miiba saba. Na asubuhi, mu manyumba yao, ulisikia pa, pa, pa, bamuke na bakwe, pa fasi ya mupishi mwenye alipelekwa kisiwani, bakipiga migongo ya bazee na mwiko, na sauti za banamuke bakiita mpumbu ishuke. Siseme uongo, bengine balipiga na furaha ya miaka mingi. Muzee ya kwaya aliimba siku hiyo akisimama, hakuweza kuegemea kiti.

Ba Mulenga akarudi siku ya ine. Akasimama chini ya kamba, akarekebisha miwani.

"Nani alikufa?"

"Hakuna."

"Sasa umetundika bazee kama samaki ya kukausha kwa nini?"

"Ni miiba, Ba Mulenga. Ya mpumbu. Saba."

"Samaki ngapi?"

"Moja."

Akatembea polepole toka filimu ya kwanza mpaka ya mwisho. "Samaki moja. Ikaingia mu bazee bane. Na miiba yote ikakwama fasi moja, inaangalia upande moja, imejipanga kama batu mu foleni ya chanjo. Hiyo samaki ilikuwa na adabu."

Nikahesabu tena pa kamba.

"Leta mwiba ya kweli," akasema.

Nikaenda jikoni ya hospitali, nikaomba mwiba kubwa kuliko zote mu takataka. Akaiweka juu ya kaseti, ile sanduku bapa ya filimu, peke yake, bila nyama, bila shingo. Akapiga. Tukaosha. Pa filimu kukaonekana mustari moja mwembamba, kama unywele yenye imeanguka mu mayi.

"Hiyo njo mwiba," akasema. "Sasa weka shingo ya mutu mbele yake, na mabega, na woga yako. Utaiona?"

"Hapana."

"Ingine inaonekana, mingi haionekane. Lakini hii yako inawaka kama taa. Kwa nini?"

Nikaangalia kidole yake. Alikuwa anafuata ile mudomo ya kasuku, polepole, kurudi nyuma, na haikukatika fasi yoyote. Ilishikana na pingili ya shingo. Ilitoka mulemule.

"Ni mufupa yake," nikasema.

"Ni mufupa yake. Umeona mushumaa ikiwaka, nta inashuka, inaganda pembeni? Pingili ya mutu mukubwa inaweza kufanya vile. Bazee mingi beko nayo na bananenepa vizuri. Ilunga anakwaruzwa na maneno yako, hakuna kingine. Lakini ya Kasongo imemea mbele sana, inasukuma njia ya chakula toka nyuma. Uji inapita. Tonge ya bukari inagonga."

"Na mpumbu?"

"Mpumbu ilikufa bila kosa."

Dokotolo alirudi, akaangalia, akasema vilevile kwa maneno marefu. Akaandika barua ya Lusaka: kule banaweza kuchonga mufupa na kisu, kama itafika pale. Kwa sasa Kasongo ale chakula laini, tonge ndogo, na akimeza ashushe kidevu pa kifua. Mutu mwengine akae mbele yake kuchunga kidevu, sababu tabia ya miaka haiachi mutu siku moja.

Nilifurahi. Nikafikiri imekwisha. Ba Mulenga akaniangalia juu ya miwani.

"Mama Chola eko wapi?"

"Chisenga."

"Nani alisema mwiba?"

"Mimi."

"Basi kinywa ilitangulia. Miguu ifuate."

"Ba Mulenga, ni mayi pale katikati."

"Nilishaisikia hiyo."

Njo vile mutu wa nyumba alipanda bwato. Siku ya posho, ile mbele ya siku ya Mungu, na bachuuzi ba chisense, bale basamaki badogo ba kukausha. Nilibeba filimu ine mu mufuko ya sukari, kifuani, ndani ya shati. Na kwa sababu sijui kuogelea, nilikuwa nimemwaga muchanga ya zile bidoni mbili, nikazifunga sana na kuzikaza na kamba chini ya makwapa. Mwenye bwato aliniuliza kama ninauza mafuta ya taa. Nikasema hapana. Akauliza kama ninanunua. Safari yote nilifunga macho, na batu bakanielezea, bila kuombwa, nani alizama wapi.

Nilimukuta Mama Chola pa majani, anageuza chisense juani. Aliniona toka mbali na hakusimama.

"Ba Foto. Umevuka mayi."

"Nimevuka."

"Na bidoni za hospitali."

"Za kuelea."

"Mayi hapa inafika pa magoti."

Nikafungua kamba. Nikatosha filimu, nikaiinua mbele ya jua, na nikamweleza yote, ya mushumaa, ya nta, ya mwiba kama unywele. Nikamwambia hata sheria ya Ba Mulenga, picha mbili na kinywa moja, na jinsi niliivunja. Aliangalia muda murefu, mukono juu ya macho.

"Donc, basi, ni mufupa yake."

"Yake."

"Aliimeesha yeye mwenyewe."

"Yeye mwenyewe."

Akarudi ku chisense. "Siku ile pa mulango nilitaka kukuambia. Depi mvua ya kwanza alianza kuacha bukari. Kila tonge aliisukuma na mayi. Mimi nikaongeza mayi mu chungu, bukari ikakuwa laini, nikamwambia hii unga ni ya mashini ingine ya kusaga. Miezi na miezi nilimudanganya juu ya unga. Mpumbu ilikuya juzi tu."

"Kwa nini hukumwambia ukweli?"

"Ulishaona Papa Kasongo akiambiwa kitu?"

Kumbe ugonjwa ilikuwa imesomwa zamani, jikoni, bila mashini, bila bidoni. Ilikuwa imesimama mbele yangu na kikapo pa mukono, na mimi nikaitoa inje.

Nililala pale pale kisiwani, sababu mayi mara mbili mu siku moja ni mingi kwa mutu wa aina yangu. Siku ya Mungu, kisha maombi, bwato ya bazee ikafika. Papa Kasongo akashuka, kidevu yulu, suruali imekazwa na kamba. Muzee Ilunga na muke yake. Ndugu ya Mama Chola akawapa viti.

Nikasimama mbele yao na filimu. Nikasema: nilidanganya, sikukusudia, lakini nilidanganya. Hakuna mwiba. Nikaeleza.

Ilunga akatikisa kichwa. "Wiki jana ulisema ni mwiba. Leo ni mufupa. Wiki kesho itakuwa kijiko. Mimi ninashika ya kwanza. Mwiba ni ya mupishi mubaya."

Mama Chola alikuwa anakoroga chungu. Hakugeuka.

"Muzee Ilunga, Papa Kasongo eko na moja."

"Ndiyo."

"Wewe uko na tatu."

Muzee akajishika koo.

"Mimi nilikupikia siku ile moja tu, kila siku anakupikia mwengine. Kama mwiba ni ya mupishi, ile tatu ni ya nani?"

Muke ya muzee Ilunga, mutu mupole mwenye hakuwa amesema neno toka Kashikishi, akageuza kiti yake polepole mpaka akamwangalia bwana yake uso kwa uso. Ku miguu yake kulikuwa mwiko. Sijui aliibeba ya nini safari ile yote.

Muzee Ilunga akakohoa. Akaomba filimu yake. Akaiinua juani, akaiangalia chini yulu, na akasema mwishoni, kama mutu mwenye amesoma Lusaka: "Ni mifupa."

Lakini ndoa haifungwe na filimu. Papa Kasongo alikuwa hajafungua kinywa. Mama Chola akaweka mbele yake bukari laini na supu ya samaki ya pale, miiba yote ameitosha. Akarudi nyuma, mikono mu kitenge, na mimi nikajua kwamba yote inangojea pale: kama chakula inapita, anarudi ku nyumba yake, kama inakwama, hata mifupa haitamusaidia.

Papa Kasongo akafinyanga tonge. Akainua kidevu. Akameza. Ikagonga. Macho ikajaa mayi, mikono ikakamata meza, ndugu ya Mama Chola akasimama.

"Inama, Papa," Mama Chola akasema.

Akamwangalia. Akaangalia kaka yake, akaangalia bashemeji, batu bote mbele yao alikuwa hajashusha kidevu depi ujana.

"Inama," akasema tena, polepole. "Ni mimi tu."

Akainama. Kidevu ikagusa kifua. Koo ikapanda, ikashuka. Sisi bote tukameza pamoja naye. Akangojea. Akafungua macho.

"Imepita," akasema. Na kisha kidogo: "Ni unga gani?"

"Ileile ya siku zote," Mama Chola alijibu, na akabeba kiti yake toka ku moto, fasi banamuke banakula, akaiweka mbele ya bwana yake kabisa. Amri ya dokotolo. "Tena."

Barua ya Lusaka bado alikuwa nayo mu koti. Dokotolo alimwambia kama hata uji itaanza kukwama, aende bila kubisha. Haikufika pale. Alisema kati ya kisu na kuinama, atainama. Mwili yake ikarudi, koti ikajaa.

Lupango yao, ile kiwanja ya nyumba, inaonekana toka pa kiti yangu, hiyo njo faida ya kukaa nyumbani. Kila siku saa sita ya muchana niliwaona, yeye na sahani, muke mbele yake. Tonge, inama. Tonge, inama. Bageni balifikiri ni nyumba ya maombi. Lakini mwaka baada ya mwaka niliona kitu ingine: dokotolo alisema kidevu pa kifua, na Papa Kasongo sasa alikuwa anashuka mpaka paji inakaribia supu.

Siku moja Mama Chola alipita kuomba chumvi. Nikamuuliza kama ni lazima muzee ainame chini vile.

Akaangalia kwanza ku lupango yake, kama bwana hasikie. Akafunga chumvi mu pembe ya kitenge.

"Ba Foto," akasema, "ulisahau sheria yenu? Piga picha mbili. Funga kinywa moja."